Mchana wa Samaki

Taa ya tangi la samaki kwa kawaida huchaguliwa na macho ya mwenye tangi. Tunataka maji yang'ae, rangi za samaki zikolee, na mgeni akiingia aseme "aisee!" Samaki mwenyewe haulizwi. Nimeishi na tangi la lita 120 katika chumba cha kupanga hapa Ilomba kwa miaka miwili sasa, na kama kuna jambo nimelielewa, ni kwamba taa ile ina wenyewe watatu: anayetazama, anayeishi majini, na anayelipa umeme. Kila mmoja ana saa zake anazozitaka.

Nilianza kwa kutamani tangi la maji ya bahari, lenye matumbawe. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake huishi vijimea vidogo mno vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wao. Ni wapangaji wanaolipa kodi kwa sukari. Maji humeza mwanga mwekundu kwanza, ndani ya mita chache za juu, na wa buluu hufika chini zaidi. Ndiyo maana taa za matumbawe huwa kali na za kibuluu, za kelvini 10,000 hadi 20,000. Anayemnunulia tumbawe taa anamnunulia chakula. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu, ya Mafia yakiwamo, yalipauka: yaliwatoa wapangaji wao, na mengi yakafa.

Lakini kutoka Mbeya hadi baharini ni safari ya zaidi ya kilomita 800, na kila lita ya maji ya tangi la namna hiyo inataka gramu 35 hivi za chumvi maalumu. Ziwa Nyasa liko hapo chini tu, Kyela. Nikachagua mbuna, samaki wadogo wa kwenye miamba ya ziwa hilo, ambao jina lao limetoka upande wa Malawi. Wangu ni sita, wa buluu wenye mistari myeusi. Kwao pia mwanga ni chakula, ila kwa njia ya kuzunguka: mwanga huotesha utando wa kijani juu ya mawe, nao huukwangua kwa meno kutwa nzima. Hawahitaji taa ya matumbawe. Taa ya LED ya wati 18, nyeupe, ya kelvini 6,500, niliyoipata Mwanjelwa, inatosha kuotesha utando huo.

Kuchagua taa, kwa hiyo, kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kupanga saa.

Sisi tunaohesabu saa tangu jua kuchomoza tuna bahati katika jambo hili. Saa 1 asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, saa 12 jioni ni ya mwisho, na mwaka mzima hesabu haiachani sana na jua. Mbeya, tofauti kati ya mchana mfupi wa Juni na mrefu wa Desemba ni kama saa moja tu. Mtu wa Stockholm, ambako mchana wa Desemba ni wa saa 6 hivi, inambidi awatengenezee samaki wa tropiki mchana wa kwetu kwa taima. Mimi ningeweza kufungua pazia nikamaliza.

Tatizo ni kwamba mchana sipo. Narudi kutoka chuoni jioni, na tangi linalozimwa saa 12 jioni ni tangi nisiloliona. Wafugaji wengi hulimaliza hilo kwa kuusogeza mchana: samaki hajui adhuhuri ya Mbeya, anachohitaji ni mwanga unaokuja na kuondoka kwa mpango. Nikaiweka taima iwashe saa 6 mchana na kuzima saa 2 usiku. Saa 8 za taa. Zikiongezwa, utando hugeuka kuwa uchafu unaofunika kioo, na samaki hukosa giza la kupumzikia.

Nyumba yetu ina vyumba vinne na mita moja ya LUKU. Kila mwezi tunachangia sawa kwa sawa, na kila mwezi kuna kikao kibarazani kujadili nani kachemsha maji kwa hita na nani kapiga pasi nguo za harusi nzima. Mwaka jana zamu yangu ilifika. Mama wa chumba cha nne, ambaye binti yake alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne wa Novemba, alikuwa ameona dirisha langu likiwaka kibuluubuluu jioni nyingi mimi nikiwa bado sijarudi.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hao samaki wako wanafanya mtihani gani?"

Watu walicheka, lakini swali lilikuwa halali. Binti yake alikuwa akiambiwa azime taa mapema ili uniti zifike mwisho wa mwezi.

"Shikamoo mama," nilisema, kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa nimekaa. Kisha nikawasomea hesabu niliyokuwa nimeiandika. Taa ya wati 18 kwa saa 8 hula uniti 0.144 kwa siku, sawa na pasi ya wati 1,000 kwa dakika 9 hivi. Hiyo ndiyo inayoonekana dirishani. Nikawasomea na isiyoonekana: hita ya maji ya wati 100. Mbuna wanataka nyuzi 24 hadi 26, na usiku wa Julai Mbeya tunaujua. Hita ikifanya kazi nusu ya siku, hula uniti 1.2, zaidi ya mara nane ya taa. Nikasema uniti hizo zote nitazinunua mimi, nje ya mchango, kila mwezi.

Kikao kilitulia. Mama hakuiangalia karatasi. Aliuliza, "Usiku unawazimia?"

Nikasema saa 2.

"Afadhali. Nilipokuwa na kuku wa mayai Uyole, nilikuwa nawawashia hadi saa 4 usiku ili watage. Jirani yangu akaona awashe usiku kucha apate zaidi. Walidonoana hadi damu."

Nilikuwa nimesoma mambo ya mbuna wanaopigana katika tangi lisilo na utulivu, lakini yeye alikuwa ameyajua kwa kuku kabla mimi sijajua kusoma. Tangu siku hiyo tunaongea lugha moja.

Umeme ukikatika, tunajifunza mengine. Giza la siku moja haliwadhuru samaki. Kinachowahi kuwaua ni pampu ya hewa kusimama, kwa hiyo betri niliyonunua ni ya pampu, si ya taa. Taima yangu nayo ni ya kuzunguka, haina betri. Umeme ukikatika saa 2, nayo inasimama saa 2, na kesho yake jua la tangi linachelewa kuchomoza kwa muda huohuo. Kila baada ya kukatika inabidi mtu ausogeze uso wake kwa kidole. Nikiwa chuoni, binti wa chumba cha nne huja kuusogeza. Ufunguo ninamwachia mama yake. Alimaliza mtihani, na sasa anasubiri kupangiwa shule.

Julai inakaribia. Hita itaanza kula zaidi, na uniti ninazonunua zitaongezeka. Nimeshawaambia.