Nafasi Iliyoachwa Wazi Lewiston

Wanaokumbuka miaka ya tisini watakubali kwamba Marekani tuliyoisikia wakati ule ilikuwa nchi ya majina machache. Aliyesafiri alikwenda New York, Houston, Minneapolis au Washington, na aliyepelekwa kwingine na mashirika ya kupokea wakimbizi alihesabika kuwa yuko njiani tu, anadunduliza nauli awafuate wenzake. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, lakini ilitawala: nenda walipo watu wako, na watu wako wako kwenye jiji. Mji mdogo ulikuwa jambo la kujitetea nalo, kama binti anayeulizwa kwa nini ameolewa mbali. Miaka ishirini na ushei baadaye, katika mazungumzo ya Wasomali, Wakongo na Warundi walioko huko yanatajwa majina ambayo zamani yasingepita mdomoni mwa mtu: Barron, Garden City, Fort Morgan, Lewiston. Watu wanahama jimbo kwa hiari yao, wanalipa nauli zao wenyewe, na wanakoelekea ni miji ambayo hata Wamarekani wengi hawawezi kuionyesha kwenye ramani. Maelezo ya kawaida ni kwamba wanatafuta utulivu. Maelezo hayo ni ya kweli nusu, nami ninayachukulia kuwa nusu iliyo nyepesi. Ukiifuatilia historia ya Lewiston, katika jimbo la Maine, unaona kwamba mji ulichaguliwa kwa sababu ya upungufu wake. Ulikuwa na nafasi ambazo watu wengine walikuwa wameziacha.

Lewiston iko kando ya mto Androscoggin. Maporomoko ya mto huo yaliwavutia matajiri wa Boston katikati ya karne ya 19, wakajenga viwanda vikubwa vya nguo vilivyoendeshwa kwa nguvu ya maji, na pamba yao ya mwanzo ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Mwaka 1874 reli iliuunganisha mji na mtandao wa Grand Trunk wa Kanada, na kwa reli hiyo wakaja maelfu ya wakulima maskini kutoka Quebec, Wakatoliki wanaosema Kifaransa, wakasongamana katika nyumba za mbao za ghorofa kadhaa karibu na mto, mtaa ulioitwa Kanada Ndogo. Hawakupendwa. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan ilishamiri Maine, jimbo ambalo watu Weusi walikuwa wachache mno, na chuki yake ikawaelekea hao hao Wakatoliki na Kifaransa chao. Tayari tangu 1919 sheria ya jimbo ilikuwa imepiga marufuku kufundisha kwa Kifaransa katika shule za umma isipokuwa lugha yenyewe ikiwa ndiyo somo, na sheria hiyo haikufutwa hadi 1969. Hata hivyo viwanda vilihitaji mikono, na mikono ilikuwapo. Kisha kazi ya nguo ikahamia kusini mwa Marekani na baadaye ng'ambo, vinu vikazima kimoja baada ya kingine, na vijana wakaondoka. Mwaka 1970 mji ulikuwa na zaidi ya watu 41,000. Sensa ya 2000 ilikuta 35,690. (Wapenzi wa ngumi wanaujua kwa sababu nyingine kabisa: Mei 1965 Muhammad Ali alimwangusha hapo Sonny Liston katika raundi ya kwanza, mbele ya watazamaji wasiofika 2,500. Pambano lilikuwa lifanyike Boston, likakosa mwenyeji, na mji mdogo ukalipokea.)

Watu elfu sita wakiondoka mjini, nyumba hazihami nao. Zinabaki vyumba vitupu vya ghorofa ya tatu, fremu za maduka zenye vioo vilivyozibwa kwa mbao katika barabara ya Lisbon, na madarasa yenye viti visivyo na wa kuvikalia. Nusu hii ya hadithi husahauliwa mtu anapouliza kwa nini Wasomali walikwenda huko. Mkimbizi aliyepokelewa Marekani hafungwi na mji aliopangiwa. Anaweza kuhama kesho yake, ingawa anaweza kuacha nyuma baadhi ya huduma za shirika lililompokea. Wengi walikuwa wamepangiwa vitongoji kama Clarkston, nje ya Atlanta, ambako kodi ilipanda, shule zilisongamana, na wazazi waliona watoto wao wakikua katikati ya magenge na dawa za kulevya. Wafugaji wa Kisomali wana desturi iitwayo sahan: kabla ya kuhamisha ngamia na watoto, watu wachache hutangulizwa wakapeleleze malisho na maji, kisha warudi na habari. Ndivyo wazee walivyofanya Marekani, wakiangalia kodi, shule na usalama badala ya majani na visima. Baadhi yao walifika Portland, mji mkubwa kuliko yote ya Maine, wakakuta nyumba za kupanga zimekwisha. Lewiston ilikuwa mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, na ilikuwa na nyumba. Familia za kwanza zilihamia Februari 2001, na katika muda wa mwaka mmoja na nusu zilifuatwa na watu zaidi ya elfu moja.

Pingamizi kubwa lililotolewa wakati ule, na ambalo bado halijafa, ni kwamba hao watu walifuata misaada ya serikali. Siyo pingamizi la kupuuzwa. Maine ina mfumo wa msaada wa dharura unaoendeshwa na halmashauri za miji, sehemu ya gharama ikirudishwa na jimbo, na ni kweli kwamba familia nyingi zilizoingia ziliutumia. Mama mwenye watoto sita ambaye hakupiga hesabu hiyo kabla ya kuhama angekuwa mzembe. Lakini sheria ya msaada huo ni moja kwa Maine nzima. Kama msaada ndio ungekuwa sumaku, Wasomali wangetapakaa katika kila mji wa jimbo, kwa maana kila mji unawajibika kuutoa. Hawakutapakaa, walikusanyika mahali pamoja, na mahali hapo palitofautiana na pengine kwa wingi wa nyumba tupu za bei nafuu zilizo katikati ya mji, ambako mtu asiye na gari anaweza kutembea kwa miguu hadi shule, duka na msikiti. Msaada unaeleza kwa nini waliweza kuvumilia miezi ya mwanzo. Hauelezi kwa nini walipachagua pale wakaacha kwingine.

Pingamizi la pili linauma zaidi, kwa sababu linatoka kwa wenyeji wenye haki. Nafasi iliyo wazi haimaanishi kwamba mwenye nyumba amekualika. Oktoba 2002 meya wa Lewiston, Laurier Raymond, aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja, akisema mji umefika kikomo cha uwezo wake wa fedha na hata wa moyo. Barua ile ilisambaa dunia nzima, na wabaguzi wakaisoma kama tarumbeta. Tarehe 11 Januari 2003 kikundi cha wanaoamini ubora wa watu weupe kilifanya mkutano mjini. Walijitokeza watu makumi machache, wakati siku hiyo hiyo zaidi ya 4,000 walikusanyika katika chuo cha Bates kuwapinga. Mwaka 2006 mtu mmoja alivingirisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa barabara ya Lisbon watu wakiwa katika sala. Mambo haya yote yanatokana na udogo ule ule wa mji. Katika Atlanta watu elfu moja wanamezwa, hakuna meya atakayewaandikia barua wala umati utakaoacha shughuli zake ukasimame nao. Katika mji wa watu elfu thelathini na tano, elfu moja ni jambo la kitaifa. Anayechagua mji mdogo ili ajifiche amekosea hesabu. Anachopata huko ni kuonekana, kwa chuki na kwa heshima, na hawezi kuchukua kimoja akakiacha kingine.

Methali yetu inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huwa tunaitamka kwa adabu, bila kuuliza mwenyeji anaumwa nini wala ni nani atakayelipia dawa. Lewiston ugonjwa ulijulikana: mji ulikuwa unazeeka, ndani ya jimbo ambalo wakazi wake kwa wastani wana umri mkubwa kuliko wa majimbo mengine yote. Dawa nayo haikuwa ya bure, kwa kuwa shule zililazimika kuajiri walimu wa Kiingereza cha wageni na wakalimani kabla faida yoyote haijaonekana, na waliobeba gharama hizo hawakuwa matajiri. Naona meya alikuwa na hoja kuhusu fedha, na kosa lake lilikuwa kuwapelekea wazee barua ambayo kwa haki ilistahili kwenda kwa serikali kuu, iliyopanga nani aingie nchini na kuiachia miji ihangaike na yaliyobaki. Sensa ya 2010 ilikuta watu 36,592, na ya 2020 ikakuta 37,121. Nyongeza ni ndogo, lakini ni mara ya kwanza baada ya miongo mitatu kwa idadi hiyo kupanda badala ya kushuka.

Kisa cha Wabantu wa Kisomali kinagusa karibu zaidi na kwetu. Hawa ni wajukuu wa watu waliotekwa karne ya 19 katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi, wakauzwa kwenye mashamba ya Somalia, na wengine wakatoroka kulima kandokando ya mto Juba. Baadhi yao wanasema Kizigua hadi leo, lugha ambayo mtu wa Handeni anaitambua. Vita vya Somalia vilipowatupa Kenya, wengi walitamani kurudi Tanzania, na waliofika Tanga walipewa ardhi Chogo na hatimaye uraia. Waliobaki kambini waliingizwa katika mpango wa Marekani, na kuanzia 2003 wakasambazwa katika miji mingi ya majimbo tofauti, kidogo kidogo, kama mbegu zinazorushwa kwa mkono. Miaka michache baadaye wengi wao walikuwa wamejikusanya upya Lewiston. Kwao nyumba peke yake haikutosha kueleza uamuzi, walitaka jembe. Kuzunguka mji kulikuwa na mashamba ambayo wenyewe wamezeeka au wameacha kulima, na leo chama chao kina shamba la zaidi ya ekari 100 katika kijiji cha Wales, wakilima mahindi ya unga na mboga kwa ushirika. Jiji kubwa lisingewapa ardhi hiyo hata kwa kukopa.

Wapo watakaosema ninaukweza mji ambao wengi wameukimbia. Ni kweli, kazi zilikuwa chache, na wako waliorudi Columbus au Minneapolis mara walipopata Kiingereza na leseni ya udereva. Kulinganisha na Fort Morgan, Colorado, kunasaidia hapa. Huko watu walifuata kiwanda kimoja cha nyama, mshahara ulikuwapo tangu wiki ya kwanza, lakini mwishoni mwa 2015 ulipozuka mgogoro wa muda wa sala, karibu watu 200 walipoteza kazi kwa mkupuo, na katika mji wenye mwajiri mmoja mkubwa hapakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Lewiston haikuwa na kiwanda cha kuwavuta, kwa hiyo haikuwa na bwana mmoja wa kuwafukuza. Watu walifungua maduka katika fremu zile zile zilizozibwa, wakaingia kazi za hospitali na za kutunza wazee, wakapata mizizi polepole. Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, iliyojaa vijana wa Kisomali, ilitwaa ubingwa wa jimbo. 2019 Safiya Khalid, aliyekulia mjini humo, akachaguliwa kuwa diwani akiwa na umri wa miaka 23. Na Wakongo walipoanza kufika na Kifaransa chao cha shule, wazee wa Kanada Ndogo wakapata tena watu wa kuzungumza nao lugha waliyokatazwa darasani. Utulivu ambao kila mtu anausifu haukuwahi kuwa na dhamana: tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 18 mjini humo katika usiku mmoja, kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi na kwenye baa.

Kama hoja hii ya nafasi ni sahihi, basi ina mwisho wake, kwa sababu nafasi hujaa. Kodi za Lewiston si zile za 2001. Katikati ya 2019 waomba hifadhi zaidi ya 400, wengi wao kutoka Kongo na Angola, waliwasili Portland baada ya kuvuka Amerika ya Kusini na ya Kati, wakalazwa kwenye vitanda vya kukunjwa katika uwanja wa mpira wa kikapu. Tofauti na wakimbizi waliopangiwa, hao hawakuruhusiwa kufanya kazi hadi miezi sita ipite tangu waombe hifadhi, kwa hiyo uhaba wa nyumba uliwabana maradufu. Baadhi ya familia zilipelekwa Brunswick, mji mdogo kuliko Lewiston, kwenye eneo la kambi ya ndege ya jeshi la majini iliyofungwa 2011. Wanajeshi walikuwa wamehama, na nyumba zilikuwapo.