Ubao nyuma ya mtumbwi: siku moja kule Lualaba

Sisi watu wa migodi tunajua sana mashimo, vumbi na kelele za nyundo. Mto tunaukumbuka tu wakati wa kuosha mchanga wa dhahabu. Kwa hiyo nataka kuwasimulia safari ya likizo niliyofanya pamoja na kijana wangu wa miaka 13, kutoka Salamabila mpaka ukingo wa Lualaba. Ilikuwa mwezi wa saba. Kiangazi kilikuwa kimekaza, njia imekauka, na pikipiki zilipita bila kuzama katika matope.

Kwanza Luama

Hatukwenda Kasongo moja kwa moja. Tulipitia kwanza upande wa Kabambare, maana nilitaka mtoto aone Luama, mto wa utoto wangu. Luama inatoka katika milima iliyo magharibi ya ziwa Tanganyika, inakata inchi ya Kabambare, halafu inakwenda kumwaga maji yake katika Lualaba.

Karibu na kijiji chetu kuna mahali ambapo mawe yanabana maji, nayo yanakimbia kwa nguvu. Wakati ule hatukuwa na motere wala mashua. Tulikuwa na ubao mmoja wa kitanda kilichovunjika, na kamba. Kamba tuliifunga kwenye mti ukingoni. Mmoja anashika ncha ya pili, analala juu ya ubao, na maji yenyewe yanamwinua. Mto unakwenda, wewe unabaki palepale, lakini unajiona kama unaruka! Hakuna mchezo tuliopenda kupita ule.

Siku moja mdogo wangu aliogopa kamba isimponyoke. Akaizungusha mara mbili kwenye mkono. Ubao ukapinduka, kamba ikakaza, mto ukamsukuma chini. Mti haukuachia. Sisi wakubwa tulivuta kwa nguvu zetu zote kushindana na maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kisu. Alikuwa na miaka 9.

Tangu siku hiyo sikuingia tena katika mto kupita magoti. Mtoto wangu alijua habari ile kwa kusikia tu. Tulipofika pale akaniuliza: «Baba, ni hapa?» Nikamwambia: «Ndiyo, ni hapa.» Tukakaa kidogo, halafu tukaendelea na safari.

Kasongo na mto wake

Mgeni anayefika Kasongo anashangaa: mto uko wapi? Mji hauko juu ya maji. Lualaba iko magharibi yake, na ni lazima kutoka mjini ili kuifikia. Lakini habari za Kasongo zote zinaelekea kwenye ule mto. Hapa ndipo Tippu Tip alipoweka makao yake makubwa, na ndiyo maana Kiswahili kina mizizi mirefu namna hii katika Maniema. Askari wa Dhanis waliuteka mji tarehe 22 mwezi wa nne, mwaka 1893.

Ukishuka na maji unafika Nyangwe. Huko Livingstone alikaa miezi mingi akitafuta mitumbwi ya kumvusha, asipate. Na huko tarehe 15 mwezi wa saba, mwaka 1871, alishuhudia watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakifyatua bunduki katikati ya soko. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kupinduka, na wengi sana wakafa maji. Kwa hiyo wazee wa huku hawauzungumzii mto kwa mzaha. Wanaupenda, wanakula samaki wake, lakini wanauheshimu.

Tulipofika ukingoni tuliona mitumbwi ya kila namna. Mingine inasukumwa kwa kafi na upondo. Mingine ina motere ndogo nyuma, ya nguvu ya farasi 15 hivi. Motere moja kama hiyo inasukuma mtumbwi wenye abiria, na mara nyingine inavuta mtumbwi wa pili nyuma, umejaa mihogo na mafuta ya ngazi. Mwendo ni wa polepole, lakini mzigo unafika.

Jioni, kazi ilipopungua, nikaona vijana wanne wanatoa ubao mpana. Mmoja akashika kamba, motere ikanguruma, na mara yule kijana akatokea juu ya maji, amepiga magoti, anacheka kwa sauti. Mtoto wangu akanigeukia.

«Baba, na miye.»

«Hapana,» nikasema, hata kabla hajamaliza.

Mzee mwenye mtumbwi, Mgenya wa kuzaliwa mtoni, alikuwa ananitazama. Akanikaribia pole pole.

«Baba ya mutoto,» akasema, «unaogopa mto, ao unaogopa kamba?»

Sikuwa na jibu. Nikamsimulia habari ya Luama. Alinyamaza mpaka nikamaliza. Ndipo akasema: «Pole, ndugu yangu. Ile kamba yenu ilifungwa ku muti. Muti hauna masikio. Hii yangu iko na mutu. Njoo uone.»

Motere ndogo inavutaje mtu?

Mimi nilidhani ni lazima kuwa na motere kubwa. Kumbe hapana. Mzee alinionyesha moja moja.

Mtu aliyelala ndani ya maji anavutika kwa shida, kama gogo. Akishapanda juu ya maji anakuwa mwepesi, na motere inapumua. Kwa hiyo shida yote iko katika kuanza. Ubao mwembamba unataka mwendo mkali ili upande. Ubao mpana unapanda hata kwa mwendo mdogo. Ule wao ulikuwa mpana kuliko kifua cha mtu mzima, na ncha ya mbele walikuwa wameichonga ipinde juu, isichimbe maji.

Jambo la pili ni uzito. Katika mtumbwi wanabaki watu wawili tu: mwenye kuendesha, na mwenye kulinda kamba. Anayevutwa awe mtoto au kijana mwepesi. Mwanaume mzima mwenye kitambi, alisema mzee akinitazama tumbo, huyo avutwe na meli!

Jambo la tatu ni mahali pa kuanzia. Hawaanzi katika kilindi. Wanaanza kwenye fungu la mchanga, maji ya magoti, mtoto ameshalala juu ya ubao wake. Mtumbwi unakwenda pole mpaka kamba inyooke, ndipo dereva anaongeza moto.

Nikauliza kama ni vizuri kupanda mto, ili maji yanayokuja yainue ubao zaidi. Mzee akacheka. Mtumbwi na ubao viko ndani ya maji yaleyale. Mto unavibeba vyote viwili sawasawa, uwe unapanda au unashuka. Kwenye Luama ni tofauti, kwa sababu mti ulikuwa umesimama na maji yanapita. Lakini yeye anapenda kupanda kwa sababu nyingine: motere ikizimika, mto unawarudisha walikotoka, hauwapeleki mahali wasipopajua.

Halafu akanionyesha kamba. Ilikuwa ndefu, mita 30 hivi, ili mtoto awe mbali na panga la motere. Haikufungwa fundo popote. Ilizungushwa mara mbili kwenye mti wa kukalia, mbele ya motere, na ncha yake iko mkononi mwa mlinzi. Mizunguko miwili inatosha: mlinzi anashika kwa mkono mmoja bila kuchoka, na akifungua vidole tu, kamba inakwenda yenyewe. Mlinzi anatazama nyuma wakati wote. Dereva anatazama mbele. Hakuna anayefanya kazi mbili.

Hata ng'ambo walianza hivi

Nilikumbuka habari niliyosoma zamani. Katika Marekani, jimbo la Minnesota, kijana mmoja, Ralph Samuelson, alitaka kutembea juu ya maji ya ziwa Pepin. Alijaribu mbao za mapipa, akazama. Akajaribu mbao za kutelezea theluji, akazama. Mwishowe akanunua mbao mbili za urefu wa mita 2 na nusu hivi, akachemsha ncha zake katika chungu cha mama yake ili zipinde. Hata hapo alianguka mara nyingi. Tarehe 2 mwezi wa saba, mwaka 1922, siku moja kabla ya kutimiza miaka 19, akajaribu kuegemea nyuma na kuinua ncha za mbao juu ya maji kabla ya kuvutwa. Akasimama. Mashua iliyomvuta ilikuwa ya kaka yake, ina motere iliyotolewa katika gari la mizigo. Ndiyo mwanzo wa mchezo ambao leo matajiri wanaufanya kwa motere za nguvu kubwa.

Nilipomweleza mzee akatikisa kichwa: «Ni vilevile. Ukijitupa mbele unazama. Egemea nyuma, acha kamba ikuinue.»

Zamu yangu

Mzee alimfunga mtoto bidoni mbili tupu kifuani, zenye vifuniko vilivyokaza, maana jile la kuelea hakuna. Akamwonyesha kushika kijiti cha mwisho wa kamba kwa vidole, si kwa kuzungusha mkono. Akamwambia aseme mara tatu: «Nikianguka, naachilia.» Mtoto akasema mara tatu.

Halafu mzee akanipa mimi ncha ya kamba. «Weye ndiye mulinzi.»

Nilikaa katika mtumbwi ule, nimeutazama uso wa mtoto wangu, na magoti yalikuwa yanatetemeka. Kamba ikanyooka. Motere ikalia. Ubao ukapanda, ukayumba, na mtoto akaanguka. Nilifungua vidole kabla hata ya kufikiri. Dereva akazima motere. Basi ikawa kimya. Nilichokiona hapo sitakisahau: mtoto anaelea, sisi tunaelea, na mto unatubeba pamoja kwa mwendo mmoja, bila haraka. Hakuna kilichomshika. Tulimfikia kwa kafi. Alikuwa anakohoa na kucheka.

Akaanguka mara ya pili, na ya tatu. Mara ya nne alipiga magoti, akaegemea nyuma, mguu mmoja, halafu wa pili. Akasimama! Nilihesabu mpaka 18, ndipo maji yakamchukua.

Usiku, kwa shangazi yake, aliniuliza: «Baba, yule baba mdogo angeweza kusimama?» Nikamwambia: «Angesimama mbele yako. Alikuwa mwepesi kuliko weye.» Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mdogo wangu bila kuinamisha kichwa.

Kwa wazazi wenzangu

Watoto wa kando ya mito watacheza tu, tukiwaona au tusiwaone. Basi, yafaa kuwafundisha mambo haya:

1. Kamba isizungushwe mkononi, shingoni wala kiunoni. Hata siku moja.

2. Kamba isifungwe kwenye mti, jiwe au kitu chochote kisichoweza kuachia.

3. Awepo mlinzi mwenye kazi moja tu, na kisu karibu yake.

4. Mtu akianguka, motere izimwe kabla ya kumkaribia. Panga lake halichagui.

5. Waulizeni kwanza wenyeji wa mto kuhusu viboko, mamba na mawe yaliyojificha. Maji yaliyotulia kando ya majani yana hatari ya kichocho.

6. Asiyejua kuogelea ajifunze kwanza. Ubao utangoja.

Nasi tulirudi Salamabila, kila mtu kazini kwake. Mtoto ameanza kuchonga ubao wake, ingawa huku kwetu hakuna mto wa kuutoshea. Mimi simkatazi tena. Siku akiniomba ruhusa, nitamuuliza swali moja tu: ni nani ameshika ncha ya pili ya kamba?