Masika Wawili Katika Nyumba Moja

Sisi tunaitwa Kasereka. Mtu wa Butembo ao wa Beni akisikia jina hilo haulizi zaidi: anajua kwamba mama yetu alizaa wavulana wawili mbele yetu. Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano, na hesabu inaendelea. Wasichana nao wana yao: Masika ni wa kwanza, kisha wanakuja akina Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu na wengine. Ndugu zetu Wakonzo wa Kasese, ng'ambo ya Ruwenzori, wana desturi ile ile. Wao wanasema Baluku, Bwambale, Masereka. Hata wakubwa hawaepuki. Julien Paluku, aliyekuwa gavana wa Kivu ya Kaskazini tangu 2007 mpaka 2019, amebeba nafasi yake ya kuzaliwa mbele ya watu wote.

Anayepata taabu ni mwalimu. Tumekwisha kuwa na darasa lenye Kambale saba. Ukiita "Kambale", benchi nzima ya nyuma inasimama. Basi tunatumia jina la pili, ao lile la ubatizo. Wageni wanacheka, wanasema Wanande wamekosa majina. Hawajui kwamba hesabu hii si ya baba, ni ya mama. Mwanaume akiwa na wake wawili, kila mama anaanza hesabu yake mwenyewe, na katika uwanja mmoja watakuwa Paluku wawili bila mtu kushangaa.

Kambale wa kwetu alikufa na surua kabla sisi kuzaliwa. Ukihesabu sahani mezani, sisi tulikuwa mvulana wa pili. Siku moja, tungali wadogo, tulimuuliza mama kwa nini hakutupa jina la Kambale, maana lilikuwa limebaki bure. Aliacha kutwanga sombe, akatuangalia.

"Iko na mwenyewe," akasema, akaendelea kutwanga.

Jibu hilo liliturudilia mwaka 2014. Mwezi wa kumi wa mwaka ule mauaji yalianza katika eneo la Beni, na watu wa upande wa Oicha na Mbau wakapanda kuja Butembo na magodoro kichwani. Kati yao alifika kwetu msichana wa miaka tisa, mtoto wa dada wa ukoo wa mama watoto. Mama yake aliuawa shambani. Tulipomuuliza jina alisema polepole: Masika. Na nyuma ya mlango alikuwa amesimama Masika wetu, wa miaka ile ile, akimchungulia.

Majirani walitoa mashauri, kama kawaida. Mmoja alisema, mpeni jina la msichana wa pili, atazoea. Kwa muda tulimwita "Masika wa Oicha", bila nia mbaya, mpaka tulipoona kwamba kila akiitwa hivyo anaacha kula. Sisi wenyewe tulielekea kukubali shauri la jirani. Mama yetu ndiye aliyekataa, na alikataa kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu baba alipokufa:

"Mukimugeuzia jina, ni kama mama yake hakuzalaka."

Kisha akamwita mtoto karibu, akamuuliza mama yake aliitwa nani. Kavugho, akajibu. "Basi weye ni Masika wa Kavugho. Na ule mwingine ni Masika wa Kahambu." Kahambu ni mama watoto. Tangu jioni ile hakuna mwenye nyumba wala mgeni. Kila mmoja alikuwa na mama wake ndani ya jina.

Lakini karatasi ina akili yake. Mwaka uliofuata walipita watu wa kuandikisha familia zilizopokea wakimbizi. Kijana mwenye kalamu aliona Masika mara mbili, umri mmoja, akafuta mstari mmoja. Alidhani tunatafuta mchele wa bure. Tulimfasiria desturi yetu, na tulitumia sauti yote ya darasani. Akasema orodha haikubali mtu mara mbili. Mchele haukutuuma sana. Usiku ule, taa imekwisha kuzimwa, tulisikia kutoka chumba cha wasichana:

"Ni mimi ndiye balifuta?"

Kusema kweli hata sisi hatukujua ni mstari gani. Masika wetu ndiye aliyejibu: "Hapana, ni mimi." Wakacheka wote wawili, kisha mmoja akalia.

Halafu ikaja Ebola, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na nyumba nyingine nyingi za Beni na Butembo zikapokea watoto kwa namna hiyo. Tumesikia kwamba wengine walibadilishiwa majina ili mambo yawe rahisi shuleni. Hatuwahukumu, tunajua uzito wa kulisha. Ila sisi walimu, tunapoandika orodha ya mwanzo wa mwaka, tungeweza kumuuliza mtoto: wewe ni wa ngapi kwa mama yako?

Masika wa Kavugho aliolewa Beni. Mwaka jana alituma habari kwamba amezaa. Simu aliipokea mama yetu, ambaye sasa hasikii vizuri, na alipiga kelele uwanja mzima ukasikia: "Kijana ao binti?" Akasikiliza. "Aksanti Mungu," akasema, akakata.

Jina hakuuliza.