Caravelle, Ndege Mzee Iliyopeleka Wachimba Makaa Baharini

Leo nitawapeleka Bruxelles, kwenye jumba moja la makumbusho. Lakini safari yenyewe ilianzia Kinshasa, zamani kidogo, na tuanze pale.

Ilikuwa mwaka 1994. Kazi yangu ilikuwa imekwisha na nilipaswa kurudi kwetu Lubumbashi. Kompani ya ndege sitaitaja. Uwanjani tulionyeshwa ndege ndefu nyeupe yenye moteri mbili karibu na mkia. Hatukuingilia ubavuni kama kawaida: ngazi ilishuka chini ya mkia wenyewe, nasi tukapanda kwa nyuma kama kuku wanaoingia kibandani. Madirisha hayakuwa ya duara wala ya mraba; yalikuwa ya pembe tatu. Chini ya rangi mpya ilionekana rangi ya zamani. Kiti changu kililala nyuma chenyewe bila kuguswa. Karibu na choo palikuwa na maandishi ambayo hayakuwa Kifaransa, wala Kiingereza, wala Kiflama.

Mama mmoja jirani yangu akamuuliza mtumishi wa ndege: "Baba, hii ndeke iko na miaka ngapi?"

Yule akajibu: "Mama, iko muzee, lakini njia inajua."

Wote tukacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha woga. Tulifika salama, Mungu asifiwe. Lakini swali la yule mama halikunitoka kichwani. Ile ndege ilitoka wapi? Iliwabeba nani kabla yetu?

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipokwenda kumtembelea binti yangu Ubelgiji. Siku moja mjukuu wangu, kijana wa miaka 14, alinipeleka kwenye bustani kubwa ya Cinquantenaire. Pale kuna makumbusho ya jeshi la Ubelgiji, na ndani yake ukumbi mrefu wenye paa la chuma na vioo, umejaa ndege za kila namna. Katikati ya ndege za vita niliiona. Moteri mbili nyuma, madirisha ya pembe tatu. Nikasimama.

"Nkambo, unaijua hii?" kijana akauliza.

"Naijua," nikasema. "Dada yake alinibeba."

Ilikuwa Caravelle ya kompani ya Sabena, yenye alama OO-SRA. Karibu nayo alisimama mzee mmoja Mbelgiji, mikono nyuma. Alitusikia, akacheka, akatusogelea. Alisema alichimba makaa ya mawe kule Zolder, katika jimbo la Limburg, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1992. Ule ulikuwa mgodi wa mwisho wa makaa katika Ubelgiji nzima. Nikamwambia mimi pia natoka katika nchi ya migodi. Basi tukawa kama watu wa nyumba moja.

"Mwaka 1973," akasema, "mimi na mke wangu tulipanda ndege kama hii kwenda Mallorca. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuruka. Mke wangu alivua viatu akaingia baharini na nguo zake, hakutaka kutoka."

Mallorca ni kisiwa cha Hispania katika bahari ya Mediterania. Sasa, mchimba makaa alipataje pesa ya kuruka mpaka kule? Hapa ndipo habari ya ndege wazee inapoanza.

Caravelle ilitengenezwa Toulouse, Ufaransa. Iliruka mara ya kwanza tarehe 27 Mei 1955, na mwaka 1959 ikaanza kubeba wasafiri. Ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti ya wasafiri kuwekewa moteri nyuma, karibu na mkia. Kwa hiyo makelele yalibaki nyuma, na watu wa mbele waliongea bila kupaza sauti. Wakati ule waliopanda walikuwa wakubwa wa biashara na watu wa serikali. Sisi pia tuliijua ikiwa mpya: Air Congo ilinunua Caravelle mbili mwaka 1967, za aina yenye mlango mkubwa wa mizigo ubavuni.

Lakini ndege ni kama gari. Mpya zikitokea, ya jana inashuka bei. Boeing 727, DC-9 na Boeing 737 zilipofika, kompani kubwa zilianza kuweka Caravelle kando. Waliozichukua ni kompani za likizo. Hizo hazikuuza tiketi moja moja dirishani. Mfanya biashara wa safari alikodi ndege nzima, akakodi vyumba vya oteli, akauza vyote pamoja kwa bei moja: kwenda, kulala, kula, kurudi. Katika Ubelgiji kazi hiyo ilifanywa na Sobelair, mtoto wa Sabena. Wazee wetu huenda wanalikumbuka jina hilo, maana kabla ya uhuru Sobelair iliruka hapa Kongo na ndege ndogo. Katika Ujerumani, LTU ya Düsseldorf iliwachukua watu wa Ruhr, nchi ya makaa na chuma, na kuwapeleka juani.

Siri ya bei ndiyo hii. Tuseme ndege ina viti 100. Kompani ya kawaida inaruka kila siku hata kama wamekuja watu 50, na hao 50 wanalipa mafuta ya viti vyote. Ndege ya likizo inapangwa ili iondoke ikiwa imejaa au karibu kujaa, na viti vimesogezwa karibu, magoti yanagusa kiti cha mbele. Tena iko jambo la pili. Ndege mpya inanunuliwa kwa deni, na deni halilali. Ndege mzee imekwisha kulipwa. Wakati wa baridi, watu wanapobaki nyumbani, inaweza kusimama bila kumla mwenyewe. Wakati wa joto inaruka mchana na usiku. Njo sababu mchimba makaa aliondoka saa nane ya usiku, amebeba mkate wake, na asubuhi aliona bahari.

Uingereza walifanya vilevile na Comet, jeti ya kwanza ya wasafiri duniani. Kompani ya Dan-Air ilikusanya karibu 50, nyingine za kuruka, nyingine za kutolewa vipuri tu. Mahali walipokaa wakubwa 80, walikaa watu wa kawaida zaidi ya 100. Comet ya mwisho yenye wasafiri iliruka Novemba 1980.

Na habari moja itawapendeza wasomaji wetu. Kule Denmark, mmoja wa wale waliofungua njia hiyo alikuwa mchungaji wa kanisa, Eilif Krogager, wa kijiji cha Tjæreborg. Mwaka 1950 alianza kupanga safari za basi kwenda Hispania. Watu wakaongezeka, na mwaka 1962 ikazaliwa kompani ya ndege, Sterling Airways. Kwanza walitumia ndege za mapanga, na tangu 1965 Caravelle. Hawa walinunua Caravelle hata zikiwa mpya, na wakazishika miaka mingi wakati kompani kubwa zilikwisha kuziacha.

Mjukuu wangu alisikiliza yote, halafu akauliza swali lilelile la yule mama: "Na hawakuogopa? Ndege mzee si inaanguka?"

Mzee wa Zolder hakujibu upesi. Akanionyesha mimi: "Wewe unajua kamba ya kizimba cha mgodi?" Nikaitika. Katika mgodi wa shimo, kama Kipushi, watu wanashuka na kupanda ndani ya kizimba kinachoning'inia kwa kamba ya chuma. Ile kamba haihesabiwi kwa miaka tu. Inapimwa, inatazamwa, inaandikwa katika kitabu, na siku yake ikifika inatolewa hata kama inaonekana nzuri.

Ndege ni hivyo hivyo. Ikipanda juu, hewa inasukumwa ndani ili watu wapumue, na mwili wake unavimba kidogo kama mpira. Ikishuka, unanywea. Kuvimba na kunywea, maelfu ya mara, kunachosha bati, kama waya unaoukunja na kuukunjua mpaka ukatike. Hilo lilijulikana kwa machozi. Mwaka 1954 Comet mbili za kwanza zilipasuka angani na kuanguka baharini upande wa Italia. Huko Farnborough wataalamu walichukua Comet nzima, wakaiweka katika tangi la maji, wakaijaza na kuipunguza presha mara nyingi mpaka ilipasuka mbele ya macho yao, ufa ukianzia kwenye pembe ya dirisha. Tangu pale ndege zilijengwa kwa bati nene zaidi, na kila kuruka kunahesabiwa. Comet walizorithi Dan-Air zilikuwa za namna hiyo mpya.

Kwa hiyo uzee peke yake si kifo. Hata ajali mbili zilizowaumiza sana wasafiri wa likizo miaka ile zinatufundisha hivyo. Tarehe 3 Julai 1970, Comet ya Dan-Air iliyotoka Manchester iligonga milima ya Montseny, karibu na Barcelona. Walikufa wote, watu 112. Tarehe 14 Machi 1972, Caravelle ya Sterling iliyowarudisha watu wa Ulaya ya kaskazini kutoka Ceylon, nchi inayoitwa leo Sri Lanka, iligonga mlima usiku ikikaribia Dubai. Walikufa wote, tena watu 112. Ndege hizo hazikuvunjika angani. Ile ya Sterling haikuwa hata mzee. Katika ajali zote mbili piloti waliamini wako mahali ambapo hawakuwapo, wakashuka mapema. Kule Barcelona hata wale wa chini wanaotazama rada walidhani alama ya ndege nyingine ni ya hiyo Comet.

Fikirini zile nyumba. Masanduku yenye zawadi za watoto, ngozi imeungua kidogo na jua, na mlangoni hakuna anayerudi. Bei nafuu ni jambo jema kwa maskini, lakini haipaswi kupunguza macho ya walinzi.

Baada ya 1973 mafuta yalipanda bei sana, na moteri za zamani zilikuwa na kiu. Halafu watu wa karibu na viwanja walikataa makelele. Moja moja Caravelle zilitoka Ulaya. Nyingine zilikatwa vyuma, nyingine zilikwenda Amerika ya Kusini, na nyingine zilikuja kwetu. Mpaka miaka ya 2000 zilikuwa bado zinaruka kutoka Kinshasa.

Basi pale mbele ya OO-SRA nikaelewa safari yangu ya 1994. Yawezekana kiti changu kilichovunjika kilimbeba kwanza mfanya kazi wa kiwanda aliyekwenda kuona bahari. Ilikuwa ndege ileile. Kilichobadilika ni nyumba iliyoipokea. Kule ilikuwa na karakana, kitabu cha kazi, vipuri, na mkaguzi aliyeweza kusema: leo hairuki. Kwetu mara nyingi yule mkaguzi alikosa mshahara, na vipuri vilitolewa kwenye ndege iliyolala majanini. Machi 2006 Umoja wa Ulaya ulipotoa orodha ya kompani zilizokatazwa kuruka kwake, karibu zote za Kongo ziliandikwa humo. Wengi tulikasirika. Lakini hasira haikazi skrubu hata moja.

Tulipoagana, yule mzee alisema: "Miaka 25 nilikuwa chini ya ardhi. Zile siku 14 za Mallorca, jua lilifika mpaka ndani ya mifupa yangu. Mimi sikuuliza ndege ina miaka mingapi. Nilijua kuna mtu anayeuliza kwa ajili yangu."

Kwenye tramu mjukuu wangu aliniuliza: "Nkambo, na wachimbaji wa kwetu walienda wapi konje?"

"Mugini," nikamjibu. "Kwa treni, na kuku njiani, na nyanya yako akiimba. Ilikuwa Mallorca yetu."

Akacheka. Mimi nilikuwa nawaza yule mama wa ile ndege ya Kinshasa. Kama ningekutana naye tena ningemwambia: mama, tusiulize tu iko na miaka ngapi. Tuulize nani aliifungua jana, aliona nini, na aliandika wapi. Vijana wetu wanaosoma ufundi, wa ndege, wa lori au wa kizimba cha mgodi, wawe ndio wenye kujibu.