Viatu Vilivyoachwa Mlangoni

Katika miaka yangu ya ualimu mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura, nimesahihisha insha nyingi za watoto. Lakini andiko lililonifundisha kuliko yote halikutoka kwa mtoto. Lilikuwa barua ya kuomba msaada, iliyoandikwa kwa Kifaransa na mtu mzima aliyelipwa kwa kazi hiyo, nami ndiye niliyepewa kuisahihisha. Napenda kuwasimulia walimu wenzangu habari zake, kwa kuwa vyama vyetu vidogo vinazidi kutafuta washauri wa kuchangisha fedha na kueneza habari, na baadhi yetu tukistaafu tunaitwa kuifanya kazi hiyo hiyo.

Wasomaji walio mbali na wafahamu kwamba Buyenzi ni mtaa ambao Kiswahili husikika nyumbani, sokoni na katika gereji. Mwaka 2009 sisi walimu wachache tulikuwa na chumba cha kusomea nyakati za jioni. Kilikuwa na mikeka chini, rafu mbili za vitabu, na paa lililovuja kila msimu wa mvua. Tulihitaji mabati na vitabu, na hatukujua namna ya kuomba. Ndipo tukamwajiri mshauri.

Mshauri huyo alikuwa mwandishi wa magazeti kwa muda mrefu. Alikuja na kamera jioni moja, akakaa nasi saa mbili, akaenda zake. Siku ya tatu barua ilikuwa tayari. Nakiri kwamba ilikuwa imeandikwa kwa ufundi. Sentensi ya kwanza ilimshika msomaji, na picha ikaimaliza kazi: mtoto wa miaka minane amekaa mkekani, miguu mitupu, kitabu mapajani. Chini ya picha paliandikwa kwamba mtoto huyu hana viatu, ila ana kiu ya elimu.

Nilijua kwamba viatu anavyo. Vilikuwa mlangoni pamoja na viatu vya wenzake, kwani mtoto aliyelelewa vizuri hakanyagi mkeka kwa viatu. Nilirekebisha vitenzi viwili na alama moja ya mkato, nikairudisha barua. Kuhusu viatu sikusema neno. Nilijiambia kwamba watakaoisoma wako mbali, na kwamba paa linavuja.

Fedha zilikuja. Mabati yakanunuliwa, paa likaezekwa upya. Lakini nakala moja ya barua ilifika kwa jamaa wa mtoto huyo aliyekuwa Ubelgiji, naye akaituma nyumbani. Mama yake mtoto, ambaye huuza ndagala sokoni, alikuja kwangu. Aliniamkia kwa heshima kama ilivyo desturi, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu viatu anavyo. Nilivinunua mimi, kwa fedha ya ndagala." Hakupaza sauti. Tangu siku ile mtoto hakuonekana tena chumbani.

Kwanza nilimkasirikia mshauri, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujikasirikia mwenyewe. Baadaye nikaanza kusoma habari za kazi yake, nikatambua kwamba hakuwa mtu mbaya. Alifanya alichozoea kufanya, na wengi walikwisha kuipita njia hiyo kabla yake. Huko Marekani, Charles Sumner Ward alikuwa katibu wa chama cha YMCA. Mwaka 1905 yeye na Lyman Pierce, mtumishi mwenzake katika chama hicho, waliendesha mchango wa jengo mjini Washington kwa utaratibu uliokuja kuigwa na wengi: kiasi kinachotajwa mapema, siku zilizohesabiwa, na matangazo mengi magazetini. Mwaka 1917 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 100 kwa muda wa wiki moja hivi, Ward akiwa miongoni mwa waongozaji wa kazi hiyo. Ivy Lee, aliyeueneza Msalaba Mwekundu katika vita vile, alitoka katika uandishi wa habari. Na John Price Jones, naye mwandishi wa zamani wa magazeti, aliutumikia mchango wa Chuo Kikuu cha Harvard, kisha mwaka 1919 akafungua mjini New York ofisi yake ya kushauri wachangishaji.

Basi tangu mwanzo kazi hii imewapokea watu waliotoka katika kazi nyingine, na kila mmoja ameingia na jicho lake la zamani. Katibu huona kamati na ratiba. Mwandishi huona habari, na habari huanza pale penye kuumiza.

Nililithibitisha jambo hili kwa washauri wetu wawili waliofuata. Wa kwanza wao alikuwa mhasibu wa benki. Hakuuliza habari za mtoto yeyote. Aliuliza daftari la mapato, stakabadhi, na majina ya waliotoa mwaka uliopita. "Mliwaandikia kuwashukuru?" Tukatazamana. Hatukuwa tumemwandikia hata mmoja. Yeye ndiye aliyetufundisha pia kwamba mshauri alipwe ujira uliokubaliwa, wala si fungu la kinachopatikana. Na kweli chama cha wachangishaji kilichoanzishwa Marekani mwaka 1960, ambacho sasa huitwa Association of Fundraising Professionals, kinawakataza wanachama wake kupokea malipo ya asilimia. Anayelipwa kwa fungu hushawishika kuwavua watoto viatu. Lakini barua ya mhasibu wetu ilikuwa kavu kama hati ya deni. Kila mtu angeiamini, na hakuna ambaye angeikumbuka.

Wa pili wao alikuwa nesi mstaafu, aliyetumika miaka mingi katika wodi ya wazazi. Alipotaka kupiga picha alifanya kama afanyavyo nesi mwema kabla ya kumgusa mgonjwa: alieleza atakalofanya, akaomba ruhusa, akangoja jibu. Hata hivyo, alizoea kutunza siri za watu kiasi kwamba barua yake haikuwa na mtu ndani yake.

Hapo nikajiuliza: na mwalimu wa Kiswahili, je, analeta nini? Nilitoa shauri moja tu: barua yoyote itakayotumwa kwa Kifaransa isomwe kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya wale inaowataja. Kabla ya siku hiyo nilikwenda nyumbani kwa yule mama kumwomba radhi. Alinikaribisha, akanisikiliza, hakujibu.

Jioni ya kusoma watu walijaa. Nilipofikia neno la Kifaransa ambalo wafadhili hulipenda, nililigeuza kuwa "wafaidikaji." Mzee mmoja, fundi wa magari, akauliza, "Ni akina nani hao?" Nikajibu, "Ni sisi, mzee." Watu wakacheka, na neno likafutwa. Sentensi nyingine mbili zilifutwa bila kicheko, kwa sababu ulimi wangu ulikataa kuzitamka mbele ya waliokuwa wakinitazama. Yule mama alikuwa amesimama karibu na mlango. Nilipomaliza alisema, "Andika kwamba mikeka tumeisuka sisi akina mama." Tukaandika.

Sitaficha kwamba barua hiyo ilileta fedha pungufu kuliko ile ya viatu. Vitabu vilivyonunuliwa havikujaza hata nusu ya rafu. Mtoto alirudi baada ya wiki tatu, akavua viatu vyake mlangoni, akaketi mahali pake pa zamani.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Katika kuomba pia moyo hupimwa, na mimi wangu ulipimwa ukaonekana mwepesi. Kwa hiyo nawashauri walimu wenzangu: akija mshauri, muulizeni alikuwa nani kabla ya kuja kwenu. Si kwa nia ya kumkataa, maana mwandishi, mhasibu na nesi kila mmoja alitufaa. Muulizeni ili mjue jicho lake linaona nini na linapitwa na nini, kisha mwekeni karibu na mwenye jicho jingine. Barua yake isomeni kwa lugha ya nyumbani. Na kabla hajainua kamera, mpitisheni mlangoni taratibu, avione viatu.