Elimu Iliyolipiwa na Wengi

Ukikisoma, ewe msomaji kijana, kitabu cha Chinua Achebe kiitwacho No Longer at Ease, kilichopigwa chapa mwaka 1960, usiikimbilie rushwa iliyomfikisha Obi Okonkwo mahakamani. Tua kwanza penye mkutano wa kumlaki mjini Lagos. Watu wa Umuofia walikuwa wamechanga pauni 800 akasome Uingereza, kisha azilipe. Walitaka asomee sheria, apate kuwatetea katika kesi za ardhi. Yeye akasomea Kiingereza. Siku ile wao wamevaa suti na kanzu, mgeni wao kaja na shati tu, kwa sababu ya joto! Katibu kasoma risala ya Kiingereza kizito. Obi akajibu kwa maneno mepesi, nao wakavunjika moyo.

Mimi niliyepelekwa chuo cha ualimu kwa mchango wa jamaa husita kila nifikapo hapo. Waliolipia elimu ndio waliobaki nje ya mlango wake. Obi anakaa Ikoyi, mtaa uliokuwa wa Wazungu, ana gari. Wao wanangoja deni lao.

Lakini uko mpaka wa zamani zaidi. Clara, mchumba wake, alisomea uuguzi Uingereza, na bado ni osu, mzawa wa watu waliowekwa wakfu kwa miungu na kutengwa. Baba yake Obi, katekista, hakuridhia. Mama akaapa kujiua wakioana yeye yu hai. Obi aliporudi Lagos na habari hiyo, Clara alivua pete akamrudishia.