Antena Dirishani, Bili Kapuni

Mimi ni mtu wa Temeke, naishi Chicago na familia yangu, na nina ushuhuda kuhusu kitu kidogo kilichobadilisha jioni za nyumbani kwetu: antena ya ndani. Najua wa rika langu watacheka. Tuliokulia Dar es Salaam antena tunaijua vizuri: bomba refu limesimikwa nyuma ya nyumba, kijana mmoja analizungusha, mwingine yuko sebuleni anapaza sauti, "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse tena!" Kisha usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar, ving'amuzi vikashika hatamu, na televisheni ikaanza kuhesabiwa kwa vifurushi. Kuanzia hapo nikazoea kwamba ukitaka kutazama, kuna mtu wa kumlipa kila mwezi.

Tabia hiyo nilisafiri nayo. Tulipopanga Rogers Park, kaskazini mwa jiji, tuliunganisha kebo kama tulivyounganisha umeme na gesi. Bili ilikuja dola mia na ushee, tukalipa, mwezi ukafuata mwingine. Siku moja nilikuwa nayo mkononi pale chini kwenye masanduku ya barua, nikazungumza na mzee mmoja wa Bukavu tunayekaa naye jengo moja. Aliiomba, akavaa miwani, akashuka nayo mstari kwa mstari mpaka akafika kwenye ada ya chaneli za mjini, zile za ABC, CBS, NBC na Fox. Akanitazama.

"Mwanangu, kumbe banakuuzisha hewa?"

Sikumwelewa. Akanipandisha kwake. Televisheni yake haikuwa na king'amuzi wala kisanduku chochote, ni waya mmoja tu uliokwenda dirishani, na pale dirishani kimesimama kitu chenye fito mbili kama panzi. Chaneli zilezile nilizokuwa nazilipia, yeye alikuwa akizitazama bure, tena picha yake ilikuwa safi kuliko yangu.

Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Nilichokuta ni kwamba Marekani vituo vikubwa vya televisheni hurusha matangazo yao hewani bila kumtoza mtazamaji hata senti. Vile vya biashara vinaishi kwa matangazo; PBS, ambayo ni ya umma, inategemea kwa kiasi kikubwa michango ya watazamaji na wafadhili. Hakuna leseni ya kutazama televisheni kama ilivyo Uingereza. Analojia kwa vituo vikubwa ilizimwa tarehe 12 Juni 2009, lakini tangu Machi 2007 sheria ilikuwa imeshataka kila televisheni mpya iingie sokoni ikiwa na kipokezi cha dijitali ndani yake. Ndiyo maana mzee hakuhitaji king'amuzi. Televisheni yenyewe ndiyo king'amuzi. Inachosubiri ni antena tu.

Sasa, antena ipi? Hapo ndipo palipo na kelele nyingi. Ingia dukani uone masanduku yanavyojisifu: moja linanasa maili 200, jirani yake maili 400, lingine limeandikwa 4K na 8K kwa herufi za dhahabu. Antena ni chuma kinachopokea mawimbi. Haijui kama picha iliyobebwa humo ni ya 4K au ya enzi za baba yangu. Na habari ya maili 400 haipiti hata kwa mwanafunzi wa jiografia, kwa sababu dunia ni mviringo: mawimbi ya televisheni husafiri karibu sawasawa na mstari ulionyooka, na ukishavuka maili 60 au 70 hivi kutoka kwenye mnara, mgongo wa dunia umekwishaingia katikati. Antena ya ndani ya nyumba haifiki hata umbali huo.

Kwa hiyo niliacha kusoma masanduku, nikasoma mji. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ina ramani ya bure: unaandika anwani yako, inakuonyesha vituo vinavyokufikia, nguvu ya kila kimoja, upande kinakotokea, na masafa kinayotumia kwa kweli. Kwetu ilionyesha kwamba vituo vikubwa vinarusha kutoka katikati ya jiji, vingi vikiwa juu ya Willis Tower, jengo la ghorofa 110. Kutoka kwetu ni kama kilomita 15, moja kwa moja kusini. Dirisha la chumba cha watoto linatazama kusini. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha kabla sijatoa pesa mfukoni.

Nusu iliyobaki ilikuwa kwenye masafa. Namba ya chaneli unayoiona kwenye skrini ni jina tu. Masafa yenyewe yanaweza kuwa mengine kabisa. Hapa Chicago, chaneli 7 ya ABC na chaneli 11 ya PBS zote zinarushwa kwenye UHF, kundi la masafa ya juu, lakini chaneli 2 ya CBS inarushwa kwenye masafa ya 12, ambayo ni VHF, kundi la chini yake. Chaneli 7 nayo ilijaribu kubaki VHF mwaka 2009, watu wenye antena za ndani wakashindwa kuipata, ikabidi ihamishiwe UHF. Mtu asiyejua hili atalaumu antena, atalaumu ukuta, atalaumu hata hali ya hewa.

Sababu ni urefu wa wimbi. Wimbi la UHF lina urefu wa nusu mita hivi, kwa hiyo antena bapa yenye ukubwa wa daftari inalipokea bila taabu. Wimbi la masafa ya 12 linakaribia mita moja na nusu, na antena inayolifaa inataka fito mbili, kila moja yapata sentimita 35, zilizotandazwa kushoto na kulia. Niliazima antena bapa kwa mfanyakazi mwenzangu nikaibandika dirishani: NBC, ABC, Fox, PBS, Telemundo, zote zikaja, CBS ikagoma. Nikanunua ile ya fito, yenye duara la UHF katikati, kwa chini ya dola 30, nikavuta fito kwa urefu huo huo, nikaiamuru televisheni itafute chaneli upya. CBS ikaingia.

Vijana wangu walisubiri kuona chenga kama nilivyowasimulia. Dijitali haina chenga. Picha ama ipo kamili, ama inakatika vipandevipande na sauti inakwama, kisha hakuna kitu. Ndiyo maana kusogeza antena sentimita 30 tu kunaweza kuwa tofauti ya kila kitu. Tulijifunza kuiweka mbali na rejeta ya chuma ya kupashia joto, na mbali na taa moja ya LED ya mezani iliyokuwa ikivuruga chaneli 2 kila ikiwashwa. Bahati yetu jengo ni la zamani na vioo vyake ni vya kawaida. Vioo vya kisasa vya kuzuia baridi hupakwa utando mwembamba wa madini, na utando huo huzuia mawimbi pia. Amplifaya hatukununua. Ukiwa karibu na minara hivi, mawimbi yana nguvu ya kutosha, na kuyaongeza ni kukizidishia kipokezi mzigo mpaka kipoteze hata ulichokuwa nacho. Kifaa hicho kina faida kwa aliye mbali, au anayegawa waya mmoja kwa televisheni mbili tatu.

Mwezi uliofuata nikakata kebo. Intaneti tukabaki nayo, televisheni tukaiondoa kwenye bili.

Siwezi kusema hatukukosa kitu. Chaneli za mpira za kulipia hazipo, na Ligi Kuu ya Uingereza tunaipata kwa mechi moja moja ambazo NBC inazionyesha Jumamosi. Lakini fainali ya Kombe la Dunia ya 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa, ilirushwa bure na Fox kwa Kiingereza na Telemundo kwa Kihispania. Sebule yetu ilijaa Watanzania, Wakenya na Wakongo, na wakati wa penalti walipiga kura tuhamie Telemundo, eti Kiingereza hakina mzuka.

Mabadiliko makubwa hata hivyo hayakuwa ya mpira. Tulipokuwa na chaneli mamia, kila mtu alikuwa na rimoti yake moyoni, na jioni zilikwisha kwa kutafuta. Siku hizi zipo chache, tunazijua, na watu wanapanga: watoto wana PBS yao alasiri, mke wangu hakosi taarifa ya habari ya jiji. Kupitia taarifa hiyo ndiyo tumeufahamu mji tunaoishi: diwani wetu, shule zinazobishaniwa, mtaa uliofurika. Zamani nilijua ya Dodoma kwa simu kuliko ya Rogers Park. Na siku moja ya dhoruba intaneti ya jengo zima ilipokufa, ving'ora vya kimbunga vinalia, mke wangu aliwasha televisheni, mtabiri yuko hewani anaonyesha mvua ilipo barabara kwa barabara. Majirani wakaja kusikiliza kwetu. Yule mzee alikuja pia, ingawa kwake ilikuwa inaonekana vilevile.

Watu wetu wanaohamia huku wakiniuliza wanunue antena gani, sitaji jina la kampuni. Nawauliza: unakaa mtaa gani? Minara ipo upande gani na umbali gani? Dirisha lako linatazama wapi, na kioo chake ni cha namna gani? Kati ya chaneli unazozitaka, ipo iliyo VHF? Wengi wanakuta kwamba kifaa cha bei nafuu kinawatosha, na wachache walio mbali wanakuta kwamba cha ndani hakitawafaa, watafute cha nje. Majibu hayo yote unayapata kabla ya kutoka nyumbani. Dukani unakwenda kulipa tu.